Mwalimu anayegombea ubunge hajalikimbia darasa

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili barua ya msomaji mwenzangu iliyotoka katika safu hii, ambamo alisikitika kwamba walimu wa shule za umma hapa Kentucky, Marekani, wameingiwa na uchu wa ubunge, akashauri kwamba mwenye chaki abaki na chaki yake na siasa iachiwe wanasiasa. Namjibu kwa heshima, kwa kuwa nami niliwahi kuishika chaki hiyo. Nilifundisha katika shule ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Lexington pamoja na familia yangu, na leo nina watoto watatu katika shule za umma za mji huu. Kwa hiyo jambo hili nalitazama kama mzazi na kama mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto sabini akiwa na kitabu kimoja.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwalimu mmoja ambaye sitamtaja jina aligonga mlango wetu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa kwa majani ya asubuhi, na kwapani alikuwa amebana bahasha ya karatasi. Mke wangu alimchungulia dirishani, akaniita kwa sauti ya chini: "Baba Furaha, amekuja mwalimu wa shule, bila shaka kuna mtoto amefanya jambo." Kwetu sisi mwalimu hafiki nyumbani kwa mtu siku ya mapumziko ila ana kesi. Kijana wetu wa pili, ambaye hakuwa na kosa lolote tulilolijua, alikuwa ameshajifungia bafuni. Kumbe mgeni alikuja kuomba kura. Alikuwa akigombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la bunge la jimbo, na mtaa wetu ulikuwa kwenye orodha yake ya siku hiyo.

Tulimkaribisha chai, nami nikamuuliza swali lile lile aliloliuliza msomaji mwenzangu: watoto unamwachia nani? Alijibu kwamba mambo yanayomshinda darasani hayaamuliwi na mkuu wake wa shule, wala na Washington, huamuliwa Frankfort, makao makuu ya jimbo linakokaa bunge lake.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu naona wengi wetu tuliotoka Kongo, Tanzania au Burundi bado tunayo picha ya waziri mmoja wa elimu aliyeketi mji mkuu na kutoa waraka unaofika hadi shule ya mwisho kijijini. Hapa sivyo. Mgawo wa fedha za shule, kiwango cha chini cha mshahara wa mwalimu na mafao yake ya kustaafu hutungiwa sheria na wabunge wa jimbo, ambao ni 100 katika Baraza la Wawakilishi na 38 katika Seneti. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kentucky iliamua kwamba mfumo mzima wa shule za umma wa jimbo hili ulikuwa unakiuka katiba, kwa jinsi ulivyoziacha shule za kaunti maskini nyuma, na ikatamka kwamba wajibu wa kuujenga upya ni wa bunge la jimbo. Mageuzi ya mwaka 1990 yalitokana na hukumu hiyo. Sasa ikiwa mahakama yenyewe imesema kwamba shule ni mzigo wa bunge, sioni ajabu mwalimu akitaka kwenda kuushika mzigo huo mahali unapofungiwa kamba.

Msomaji mwenzangu aliandika kana kwamba walimu walianza kugombea kwa kupenda makuu. Yafaa akumbushwe yaliyotokea tarehe 29 Machi 2018. Siku hiyo palikuwa na mswada wa kurasa 11 uliohusu maji taka. Mchana, ndani ya kamati, maji taka yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa kurasa 291 za kubadili mafao ya kustaafu ya walimu na watumishi wengine wa umma, hasa wale watakaoajiriwa baadaye. Na kabla ya watu kwenda kulala mswada ulikuwa umepita katika mabaraza yote mawili, Baraza la Wawakilishi likiupitisha kwa kura 49 dhidi ya 46. Ni nani aliyezisoma kurasa 291 kati ya chakula cha mchana na cha usiku? Na ni lazima ieleweke kwamba mwalimu wa Kentucky, kwa mshahara wake wa ualimu, hayumo katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii ambao mimi nakatwa kila malipo ghalani ninakofanya kazi. Akizeeka, tegemeo lake ni mafao ya jimbo. Kesho yake walimu wengi waliomba ruhusa ya ugonjwa kwa wakati mmoja hata shule za kaunti kadhaa, Lexington ikiwemo, zikafungwa, na mabango yaliyobebwa Frankfort katika siku zile yaliahidi kwamba mwezi wa Novemba, wakati wa uchaguzi, watakumbuka. Desemba ya mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya jimbo iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja, kwa kuwa katiba inataka mswada usomwe kwa siku tatu tofauti katika kila baraza, na huu haukupewa nafasi hiyo. Kwa maneno mengine, walimu walioitwa wakorofi ndio waliokuwa upande wa katiba.

Lakini hawakuingoja mahakama. Katika kaunti ya Rockcastle, mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, Travis Brenda, alikuwa tayari anashindana na Jonathan Shell katika kura za mchujo za chama cha Republican. Shell hakuwa mtu mdogo: alikuwa kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, na mkono wake ulikuwa katika mswada huo wa mafao. Tarehe 22 Mei 2018 mwalimu alimshinda kiongozi kwa kura 123. Naomba wasomaji waitazame namba hiyo. Watu 123 hawajazi ukumbi wa harusi ya Mkongo hata mmoja hapa Lexington. Wanatosha mabasi mawili ya shule, na nafasi inabaki.

Hata hivyo sitaki nionekane ninamvika mwalimu joho la utakatifu. Walimu na waliowahi kuwa walimu waliogombea Kentucky mwaka ule walikuwa makumi, na walioanguka ni wengi kuliko walioingia. Brenda mwenyewe alikaa kipindi kimoja tu, akang'olewa katika mchujo wa mwaka 2020 kwa njia ile ile aliyoingilia, na Shell akarudi baadaye katika siasa akachaguliwa kamishna wa kilimo wa jimbo mwaka 2023. Anayechaguliwa kwa hasira ya msimu mmoja hana budi ajue atafanya nini hasira ikipoa. Mbunge hupigia kura barabara, magereza, kodi na hospitali za vijijini, na sijaona popote kwamba kujua kufundisha sehemu na desimali kunampa mtu maarifa ya hayo yote. Wala sidhani kwamba mkulima au wakili, ambao hawaulizwi na mtu yeyote wamemwachia nani shamba au ofisi, wanayajua zaidi.

Kuhusu watoto kuachwa, hoja hiyo ina uzito na nisingependa kuipita juu juu. Bunge la Kentucky si la mwaka mzima. Katika mwaka unaogawanyika kwa mbili hukaa siku za kazi zisizozidi 60, na lazima limalize kabla ya katikati ya Aprili. Katika mwaka mwingine hukaa siku 30 na kumaliza mwishoni mwa Machi. Kwa sababu hiyo mwalimu anaweza kuwa mbunge bila kuacha kazi yake, kama alivyofanya Tina Bojanowski wa Louisville, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, aliyechaguliwa mwaka 2018 na kuendelea kufundisha. Ndugu zetu wa Kenya watalishangaa hilo, maana sheria yao ya uchaguzi ya mwaka 2011 inamtaka mtumishi wa umma anayewania kiti ajiuzulu miezi sita kabla ya kura. Lakini Januari hadi Machi ni kiini cha mwaka wa masomo. Kuna mtu mwingine atakayesimama mbele ya watoto hao katika miezi hiyo, na mzazi ana haki ya kumuuliza mgombea ni nani, analipwa na nani, na mtihani wa majira ya kuchipua utakuta watoto wamefika wapi. Mimi nilimuuliza mgeni wetu. Alikiri kwamba hana jibu lililokamilika, nami nikampa alama kwa ukweli huo kuliko ambavyo ningempa kwa jibu zuri.

Swali la pili nililomuuliza lilihusu kura ya Novemba 2024, wananchi walipoulizwa kama katiba ibadilishwe ili bunge la jimbo liweze kupeleka fedha za umma nje ya shule za umma. Pendekezo hilo lilikataliwa katika kaunti zote 120, hata zile ambazo siku hiyo hiyo ziliwapa ushindi mkubwa wanasiasa waliolipigia debe. Nilitaka kujua kama akifika Frankfort na viongozi wa chama chake wakalirudisha jambo hilo kwa mlango wa nyuma, kama yale maji taka, atasimama na kaunti 120 au na viongozi. Msomaji mwenzangu angefanya vyema kuwauliza walimu wanaogombea maswali ya namna hii badala ya kuwaambia warudi ubaoni.

Chai ilipokwisha nilimwambia kwamba kura yangu ameipata. Akafungua bahasha yake, akauliza nimejiandikisha katika chama gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba sina chama. Nilipoapishwa uraia na kupewa fomu ya kujiandikisha niliona ni busara nisijifungamanishe na upande wowote, kwa kuwa kule nilikotoka kadi ya chama iliwahi kumgharimu mtu maisha yake. Mwalimu aliiweka kalamu chini. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mwanafunzi aliyekosa hesabu ya mwisho, kwamba Kentucky mchujo wa Mei ni wa wanachama wa chama chenyewe tu, kwamba anayetaka kuhama au kuingia chama lazima awe amefanya hivyo kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia, na kwamba katika eneo letu yeye na mpinzani wake ni wa chama kimoja na chama cha pili hakikusimamisha mtu. Kiti kingeamuliwa Mei. Novemba ningekuta jina moja.

Alishukuru kwa chai akaenda nyumba ya jirani, mzee wa kutoka Uvira, ambaye naye, niliulizia baadaye, hana chama. Mtoto wetu alitoka bafuni. Fomu ya kubadili niliijaza mwezi wa kumi, mke wangu akaijaza yake jikoni juu ya meza ile ile, na ya mzee wa Uvira nilimpelekea mwenyewe Jumapili baada ya ibada.

Wako mwaminifu,
Baba Furaha,
Lexington, Kentucky