Shoga, wema wangu unaniponza

Mbagala Rangi Tatu,
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, watoto wanasoma, paa bado linavuja palepale. Najua nimekaa kimya tangu Idi, utanisema ukija.

Wiki iliyopita nilipimwa presha: 150 kwa 95. Nesi akauliza nakula nini. Nikamjibu mchicha, dona, samaki wa kuchoma. Na si uongo! Ila njiani nikajiuliza: zile chips mayai huwa nazila lini?

Msibani kwa Mama Zai nilikesha jikoni, nikasugua masufuria mpaka kucha zikaisha. Kutoka pale, mguu kwa mguu hadi kwa kijana wa chips. Nilipompeleka bibi wa jirani kliniki Muhimbili, nikarudi na sambusa tatu na soda baridi. Ramadhani ndiyo usiseme, mchana thawabu, magharibi kaimati kumi na mbili. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi natenda wema naenda kwa muuza chips. Najilipa ujira, shoga. Na chumvi ninavyoinyunyiza! Nesi kasema kwa siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, tena pamoja na ile iliyokwishapikiwa. Mume wangu anasema basi niache wema. Mpuuzi yule.

Sasa sikia. Alhamisi jioni mama wa genge alinipa noti ya elfu kumi akidhani ni elfu moja, giza lile. Nilifika konani nikarudi kumpa. Hakuna aliyeona, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Basi nikapita mbele ya kikaango na mchicha wangu mkononi, wala sikugeuka. Kwa nini siku ile nisijilipe? Au kule msibani ni zile sifa, “mama wewe mchapakazi”, ndizo zinazonitia njaa? Nimewaza hivyo siku tatu. Halafu jana nimetoa mchango wa harusi ya mtoto wa shemeji yako... aa, tuyaache.

Korosho utakazomfungia yule dereva zisiwe na chumvi, tafadhali. Na wewe presha yako vipi, dawa unameza au unazihifadhi kabatini? Kaka amerudi kutoka Newala? Ule ugomvi wa kikoba uliishaje? Na niambie kweli: ukishamtendea mtu jema, jioni yake unakula nini?

Wako,
Mama Nasri