Barua kuhusu tarehe zako za utumishi

Sisimba, Mbeya
14 Julai 2024

Kwako ndugu yangu,

Kamwene. Bahasha yako nilikabidhiwa juzi pale stendi ya Nane Nane ikiwa salama, na kondakta alinieleza kwamba ulimsisitiza asiiweke chini ya mizigo. Nimezisoma karatasi zako mara tatu nikiwa kando ya jiko la mkaa, maana baridi ya Julai ya huku unaijua, Mlima Loleza haujaonekana tangu Jumatano.

Umeniuliza kwa nini ofisi inayokulipa pensheni imekujibu mara mbili kwamba hesabu yake ni sahihi, ilhali wewe unajua kwa hakika kwamba ulianza kuvaa sare mwezi Juni 1996. Jibu langu halitakufurahisha: kwa upande wake, ofisi hiyo inasema kweli. DFAS, yaani idara ya fedha na uhasibu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, hulipa kile ambacho kumbukumbu za jeshi zinasema, na haina mamlaka ya kubadili tarehe hata pale mtumishi wake anapoona kwa macho yake kwamba imekosewa. Mwenye tarehe ni jeshi la Marekani ulilolitumikia. Kwa hiyo ile barua ya tatu ya kudai dola uliyokwisha kuianza, iweke kando, na badala yake uandike kuhusu siku, miezi na miaka.

Habari yangu mimi unaijua nusu. Niliingia jeshini tarehe 8 Machi 1994, na siku ile nilijaza karatasi moja kwa mkono, nikaandika 08/03/1994 kama tulivyofundishwa darasani, siku kwanza kisha mwezi. Karani aliyeinakili akaisoma kama wasomavyo Wamarekani, mwezi kwanza kisha siku, nami nikawa nimeingia jeshini tarehe 3 Agosti. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe sikuuliza, kwa kuwa mshahara uliingia na watoto walikwenda shule. Nilipostaafu tarehe 31 Machi 2016 nilikuwa na miaka 22 kamili na siku kadhaa juu yake, lakini karatasi zilisema miaka 21 na miezi 7. Kwa kuwa pensheni huhesabiwa asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa utumishi, hiyo ni tofauti kati ya asilimia 55 na asilimia 53.96 ya wastani wa mshahara wangu wa msingi. Na kwa mtu mwenye wastani wa dola 4,000, pengo hilo ni kama dola 41.67 kila mwezi, dola 500 kwa mwaka, mpaka siku atakapozikwa. Kilichoniokoa ni mkataba wangu wa kuandikishwa, fomu DD 4, ambao tarehe yake iliandikwa kwa mtindo wa kijeshi wa wakati ule, mwaka ukitangulia: 940308. Hiyo hakuna namna ya kuisoma kinyume.

Sasa tuje kwako, kwa maana kosa lako si la karani kusoma vibaya. Ni la kipande kizima cha utumishi kilichoachwa nje. Chukua ile DD 214 yako ya kustaafu, yaani cheti cha kutoka jeshini, uangalie kisanduku cha 12. Herufi a ni tarehe uliyoingia katika utumishi wa kipindi kile, nayo imeandikwa 9 Novemba 1998. Herufi b ni tarehe uliyotoka, 31 Agosti 2019. Herufi c ni jumla ya kipindi hicho, miaka 20, miezi 9 na siku 22, na hapo hawajakosea, kwa sababu jeshi huhesabu kila mwezi kuwa na siku 30 na kuiingiza siku ya kwanza na ya mwisho. Kosa liko katika herufi d na e, ambako panatakiwa kuandikwa utumishi wako wa awali, ule wa kuwa kazini muda wote na ule usio wa namna hiyo. Kote kuwili pana sifuri. Ina maana kwamba kwa mujibu wa karatasi hii, miaka yako ya Jeshi la Akiba haikuwahi kuwapo. (Ukimweleza mtu wa hapa nyumbani habari hii, usimwambie Jeshi la Akiba ukaishia hapo, atadhani ulikuwa mgambo wa kata.)

Utumishi ule wa akiba una sehemu mbili zisizolingana thamani, na hapa ndipo wengi hukosea, hata wanaojitia kuwa wanasheria wa kambi. Mafunzo yako ya awali, yale uliyokwenda mwaka 1996 kwa miezi 4 na siku 21, yalikuwa utumishi wa kazini kamili, siku kwa siku. Vivyo hivyo zile wiki za mazoezi ya kila mwaka, ambazo kwa maelezo yako zinafika siku 29. Mazoezi ya mwisho wa wiki ni jambo lingine: kila kipindi cha saa nne hukupa pointi moja, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili moja hukupa pointi nne, na kila mwaka wa uanachama huongezwa pointi 15. Pointi hizi hazikusaidii kutimiza ile miaka 20 ya kustahili kustaafu, lakini ukishastahili, sheria inaziingiza katika hesabu ya asilimia kwa kuzigawa kwa 360. Wewe unasema unazo 126. Hizo ni miezi 4 na siku 6.

Nimekaa nikajumlisha kwa penseli. Miezi 4 na siku 21, ongeza siku 29, ongeza miezi 4 na siku 6, jumla miezi 9 na siku 26. Zikiunganishwa na miaka yako 20, miezi 9 na siku 22, tunapata miaka 21, miezi 7 na siku 18. Siku 18 za mwisho zinatupwa, kwa sababu mwezi usiotimia hauhesabiwi, lakini umeona kilichotokea: vipande vya siku vya pande zote mbili vimekutana vikazaa mwezi mmoja zaidi. Asilimia yako haipaswi kuwa 51.875, bali 53.96. Tukichukua wastani wa dola 4,500, unapunjwa dola 93.75 kwa mwezi, na tangu Septemba 2019 hadi Julai hii ni miezi 59, yaani zaidi ya dola 5,500 kabla hata ya kuingiza nyongeza za kila mwaka za kupanda kwa gharama za maisha.

Wala haliishii hapo. Katika hati yako ya mshahara ya mwaka 2017 uliyoniwekea ndani ya bahasha, ile yenye doa la chai, tarehe ya kuhesabia mshahara imeandikwa 981109. Tarehe hii ni tofauti na ile ya kuhesabia pensheni, na kwa tarehe hii miaka ya akiba huhesabiwa yote, iwe ulikuwa kazini au ulikuwa nyumbani ukisubiri mwisho wa wiki. Ilipaswa kuwa 960612. Kwa kuwa mshahara wa msingi hupanda kila baada ya miaka miwili kwa cheo chako cha E-7, ulipaswa kuingia ngazi ya zaidi ya miaka 20 mwezi Juni 2016 na ya zaidi ya miaka 22 mwezi Juni 2018, lakini wao walikuingiza ya 20 mwezi Novemba 2018. Pensheni yako inatokana na wastani wa miezi 36 yenye mshahara mkubwa zaidi, na katika miezi hiyo yote 36 ya mwisho ulilipwa angalau ngazi moja chini. Kosa moja linakukata mara mbili: asilimia imepungua, na kile kinachopigiwa asilimia nacho kimepungua. Ndiyo maana ukiandika habari ya asilimia peke yake, utarekebishiwa nusu.

Ipo na tarehe ya tatu, ya kuingia jeshini kwa mara ya kwanza kabisa, ambayo huamua mtu yumo katika mfumo upi wa pensheni. Kwako haibadilishi kitu, kwa kuwa 1996 na 1998 zote ziko baada ya 1 Agosti 1986 na kabla ya mfumo mpya wa 2018. Itaje tu katika barua yako ili zote tatu zipatane.

Kuhusu ushahidi, naomba uniamini kwa kuwa niliumwa na nyoka huyu. Maneno yako na yangu hayatoshi. Tafuta kwanza DD 214 ya mafunzo ya 1996, maana askari wa akiba aliyemaliza mafunzo ya siku 90 au zaidi hupewa yake, na watu wengi huisahau kwa kuwa waliipokea wakiwa vijana wenye haraka ya kurudi nyumbani. Kama haimo katika sanduku lile la bati ulilosema liko kwa dada yako Mafinga, iombe kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya St. Louis kwa fomu SF 180. Pili, omba taarifa ya pointi zako, fomu DA 5016, kwa kuwa humo ndimo zimo zile 126. Na kama hazifiki 126, ni afadhali tujue sasa kuliko kuumbuliwa baadaye. Tatu, mkataba wako wa Juni 1996. Hati za mshahara za zamani usizidharau, hata zenye madoa.

Ukishazipata, usikimbilie bodi. Andika kwanza kwa kamandi ya utumishi ya jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky, ueleze kosa kwa ukurasa mmoja, uambatanishe nakala, na uombe DD 215, ambayo ndiyo hati ya kusahihisha DD 214. Haifuti ile ya kwanza, bali huambatana nayo. Mimi niliishia hapo, na ilichukua miezi saba. Wakikataa ndipo uende kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi kwa fomu DD 149, ambayo haina ada. Hapo utakutana na swali la muda, nalo usilijibu kwa pupa. Sheria inatoa miaka mitatu tangu siku mtu alipogundua kosa, haisemi tangu siku aliyostaafu, na bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Wewe uligundua Februari mwaka huu ulipokuwa ukipanga karatasi za kiwanja cha Gangilonga. Liseme hivyo hivyo, na tarehe yake. Bodi nayo ina masharti yake: sehemu kubwa ya mashauri inatakiwa kuamuliwa ndani ya miezi 10, na mengine yasizidi 18. Ila madai ya fedha dhidi ya serikali ile kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo kila mwezi unaoupoteza ukilumbana na mlipaji unaweza kuwa mwezi unaojikatia mwenyewe kwenye malimbikizo ya mshahara wa miaka ile ya mwisho.

Kabla hujatuma, nikuulize kama ndugu, na usikasirike. Kisanduku cha 29 cha kila DD 214 huandikwa siku zilizopotea, kama za kutoroka au kufungwa, na siku hizo hukatwa. Najua wewe hukuwahi kuwa na tabia hizo nilipokufahamu, lakini 1996 sikukufahamu. Ukifungua faili wataliona lote, na kosa lililokuwa likikunufaisha nalo litasahihishwa na kugeuzwa deni.

Jambo la mwisho linamhusu shemeji. Kama ulimwandikisha katika mpango wa mafao ya wajane, atapokea asilimia 55 ya kiasi ulichokiwekea bima, na kama kiasi hicho ni pensheni yako yote, basi tarehe hii iliyokosewa itamfuata hata wewe ukiwa haupo. Mweleze aketi nawe mnapopanga karatasi, ajue kila moja iko wapi. Mke wangu alipojua habari ya DD 4 ndiye aliyeitoa kwenye mfuko wa plastiki, mimi nilikuwa nimekwisha kusema imepotea.

Ukitaka kuwapigia Fort Knox, piga kuanzia saa tisa na nusu alasiri, maana saa tisa ya huku kwao ni saa mbili asubuhi kwa majira haya, na watu ndiyo kwanza wanafungua madirisha. Andika jina la atakayekupokea na siku uliyopiga.

Karatasi zako narudisha kwa basi la Alhamisi, isipokuwa ile hati ya mshahara ya 2017, ambayo nimebaki nayo ili kijana wa steshenari ya Mwanjelwa ajaribu kuiskani vizuri zaidi pale penye doa. DD 214 ya mafunzo ukiipata huko Mafinga, usiikunje wala kuipiga pini. Iweke kati ya makaratasi magumu na unitumie picha yake kwanza.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako wa Mbeya