Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wawindaji tunaojitengenezea risasi,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wale wasiopenda salamu ndefu, poleni na baridi ya Pennsylvania.

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasema kwa sauti kubwa kwamba dawa ya mitutu ya bunduki zetu kuchafuka ni kusubu (kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu) risasi ngumu zaidi. Wengi mlinisikiliza. Nilikosea, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni habari ya kosa hilo, maana limetula miezi mitano na madini mengi.

Kwanza yale mafupi. Ada zimelipwa, isipokuwa za watu watatu ambao wanajijua. Viwanja vya shabaha tumeendelea kutumia vile vya Game Commission, tume ya wanyamapori ya jimbo, kwenye ardhi za jimbo. Asiye na leseni ya kuwinda akate kibali cha uwanja, asitegemee kwamba mwenzake anayo. Mhazini atasoma hesabu mwenyewe.

Kwa waliojiunga mwaka huu: Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka mtutuni na kwa madini yenyewe. Hapa nikisema risasi ni ile ya kupiga, na nikisema madini ni yale ya risasi. Kusubu ni neno la wazee. Babu yangu alisubu za gobole lake huko Tabora. Wenzetu wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, wengi wao wameyakuta mambo haya huku huku.

Sasa kosa. Tulikuwa tukipiga bunduki ya .30-30 (kipimo cha risasi zake) mara kumi tu, mtutu ndani unakuwa na utando wa kijivu kama sufuria iliyounguza uji. Hapo shabaha inapotea: yadi 100, risasi tano zinatawanyika upana wa sahani ya wali. Nikaamini madini ni laini mno. Nikawatuma mtafute madini ya mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti, yale ya linotype yenye antimoni kama 12% na bati 4%, na nikawaambia risasi zikitoka kwenye kalibu zitumbukizwe ndoo ya maji zikakamae. Zikakakamaa kweli. Mitutu ikazidi kuchafuka.

Aliyetufumbua macho ni mwenzetu mmoja fundi mitambo, mtu wa Bukavu, asiyesema sana. Mwezi Mei alikuja gereji kwangu na chubwi ya mshipi wa kuvulia samaki. Akahakikisha bunduki ni tupu, mara mbili. Akaipaka chubwi mafuta, akaigonga taratibu kwa nyundo ya mbao mdomoni mwa mtutu, akaisukuma kwa fimbo ya shaba mpaka ikatokea upande wa pili ikiwa na alama za mifereji ya ndani. Akaipima kwa maikromita: inchi 0.309. Akachukua risasi niliyoisubu mimi, ngumu kama kokoto: 0.308. Akaniwekea zote mbili kiganjani, akanyamaza.

Ilikuwa imepungua elfu moja ya inchi tu. Risasi ikiwa nyembamba kuliko mtutu, gesi ya baruti inapenya pembeni mwake, inayeyusha ubavu wake na kuyapaka madini ukutani. Laini kidogo ingeweza kutanuka kwa msukumo na kuziba pengo. Ile niliyoikakamaza mimi haikubali. Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa unaongeza ugonjwa.

Tulinunua tundu la chuma la 0.310, kila risasi inapita humo na kuvishwa kofia ya shaba kitakoni. Tukasugua mitutu yote kwa nyuzi za shaba mpaka ikang'aa. Madini tumerudia mchanganyiko wa kawaida: nusu vipande vya kusawazishia magurudumu, nusu madini laini ya mapaa ya zamani, na bati 2% ili kalibu ijae vizuri hadi kwenye kona. Bati tunalipata kwenye lehemu ya mabomba isiyo na madini ya risasi, maana karibu yote ni bati. Kasi tumeiweka kama futi 1,800 kwa sekunde, wakati risasi za dukani za .30-30 zenye uzito wa greni 170 hukimbia kama 2,200. Yadi 100, risasi tano sasa zinakaa ndani ya kisahani cha kikombe. Vipimo vya baruti kila mtu atoe kwenye kitabu cha vipimo, si kwa rafiki, na wala si kwangu.

Upakaji wa risasi haujaleta maelewano. Mimi ni mtu wa nta ya nyuki. Vijana wanapaka rangi ya unga na kuioka, risasi zinatoka nyekundu kama pipi, na lazima nikiri zinapiga vizuri. Ila hilo joko dogo likishaokewa risasi lisirudi jikoni kuoka mkate hata siku moja.

Pua ya risasi ibaki bapa. Bunduki zetu nyingi za wenzo (zinazokokwa kwa mpini wa chini) hupanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, pua ya hii ikigusa fataki, yaani kiwashio cha baruti, ya ile. Yenye ncha kali humo ni kutafuta mlipuko.

Mlipuko tuliupata hata hivyo, Oktoba, wa aina nyingine. Mwanachama mmoja alitia kwenye chungu cha madini yaliyokwisha kuyeyuka kipande kilicholala nje usiku wa mvua. Tone la maji likizama chini ya madini hugeuka mvuke ghafla na kurusha kila kitu juu. Dari ya gereji yake hadi leo ina nyota za fedha. Alivaa miwani na glavu ndefu, akaungua sikio tu. Tangu siku hiyo, kwenye mikutano yetu madini yanatiwa chungu kikiwa baridi, basi.

Vipande vya magurudumu navyo vimekuwa adimu, kwani siku hizi vingi ni zinki au chuma. California ilizuia vya madini ya risasi mwaka 2010, Washington 2011. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi, madini yetu chini ya 330. Usizidishe moto, na kinachoelea ukitoe kwa upawa. Zinki kidogo tu ikichanganyika, kalibu haijai tena.

Msimu wa kulungu ulifunguliwa Jumamosi, Novemba 29. Sheria ya jimbo inataka risasi ya madini matupu au iliyoundwa kupanuka. Mwaka juzi risasi yangu ngumu ilipita kwenye kulungu kama sindano ya gunia, tukamtafuta kwa muda wa saa tatu na kurunzi. Mwaka huu Katibu alipiga yadi 60, kifuani, na mnyama akaanguka hatua arobaini mbele, kwenye majani, tunamwona.

Katibu huyohuyo ameleta hoja tuhamie risasi za shaba tupu. Utafiti uliotolewa 2022 ulikuta karibu nusu ya tai waliopimwa Marekani wana madhara ya muda mrefu ya madini haya, na mabaki ya mawindo ni njia mojawapo. Hatukukubaliana. Tulichopitisha ni kwamba matumbo yafukiwe, nyama iliyo karibu na jeraha ikatwe kwa upana na itupwe, na nyama ya kuwapa wajawazito na watoto itoke kwa aliyepiga shaba. Hoja nzima itarudi mkutano wa Machi, naye ataleta bei.

Kuyeyushia jikoni ni marufuku. Mlango wazi, feni, mikono inaoshwa kabla ya kugusa chai, nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Vumbi la ule uchafu unaoelea juu ya madini yaliyoyeyuka ndilo linaloingia nyumbani na viatu. Mama mmoja amenilalamikia, na alikuwa na haki.

Kalibu ya chama na tundu la 0.310 viko kwangu. Anayeazima aje na chubwi yake, tupime mtutu kwanza.

Mwenyekiti