Kabla hujaliweka hilo faili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Huku Kirumba hatujambo, baba yako yuko Mwaloni tangu alfajiri.

Umeniomba faili langu la mipangilio ya kivinjari cha Firefox, lile la user.js, uliweke kwenye laptopu yako. Nimekutumia kwa barua pepe, ila lisome kwanza mstari kwa mstari. Kivinjari hulisoma kila kinapofunguliwa, na kilichoandikwa humo ndicho kinachoshinda, hata kama jana ulibadilisha kitu kwa mkono. Usipojua kilichomo, utadhani laptopu ni mbovu.

Angalia mstari wa privacy.resistFingerprinting. Mstari huo huifanya kompyuta yako ifanane na za wengine, tovuti zisikutambue kwa ukubwa wa skrini au majira ya saa. Lakini tovuti huambiwa uko kwenye majira ya UTC, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Usaili wa saa nne asubuhi unaweza kukusomekea saa moja! Mimi nauacha, kwa kuwa najua. Wewe unayetafuta nafasi ya mafunzo kazini, fikiria vizuri.

Kuna na ule wa kufuta kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili zikutambue ukirudi, kila kinapofungwa. Hapa steshenari siwezi kuuondoa: wanafunzi huingia kwenye akaunti zao za mkopo, wakishachapisha fomu wanaondoka bila kuzifunga. Kwenye mashine yako mwenyewe utachoka kuandika nywila kila asubuhi. Ukiutoa, ujue kuufuta kwenye faili hakutoshi, maana thamani yake imeshaandikwa kwenye prefs.js, faili ambalo Firefox yenyewe hutunzia mipangilio. Andika about:config pale juu unapoandika anwani za tovuti, utafute mpangilio kwa jina, uurudishe ulivyokuwa.

Toleo jipya la Firefox hutoka takriban kila wiki nne. Mpangilio unaweza kubadilishwa jina au kuondolewa, na mstari wako ukabaki pale haufanyi kazi, wewe ukiamini umelindwa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mingine haina haja tena. Tangu 2022 Firefox yenyewe hutenga kuki za kila tovuti, bila kuambiwa. Ndiyo maana mbele ya kila mstari nimeandika sababu yake, baada ya mikwaju miwili (//). Sababu ikiisha, mstari nautoa. Na wewe andika zako, usibaki na zangu.

Najua wenzako watakuuliza unaficha nini. Mtu akiwa na homa usiku akatafuta dalili zake mtandaoni, hilo ni lake na daktari wake. Anayeuza matangazo hakukaribishwa, na sitaki akufuate wewe.

Ukiwa tayari, fungua about:support vilevile uone folda ya wasifu wako, inamotunzwa mipangilio yako, ilipo. Funga kivinjari kabisa, nakili folda nzima kwenye flashi, ndipo uweke faili ndani ya ile folda ya wasifu. Tovuti ya chuo ikigoma, zima mstari mmoja mmoja kama nilivyokueleza, mpaka umpate mkorofi. Ukikwama nipigie jioni, nikishafunga duka.

Mama yako