Barua kwa mwanangu: nani anaziita seli nyeupe?

Mwanangu Zawadi,

Marahaba, salamu zako nimezipata, na swali lako pia: mtoto akichomwa na mwiba, seli nyeupe zinajuaje kwamba ni kisigino hiki na si kile? Nimefurahi umeuliza. Wengi hukariri kwamba seli nyeupe ni askari wa mwili, basi. Lakini askari hutumwa na mkubwa wake, na seli hizi hazina mkubwa.

Kinachoziita ni majimaji ya damu yenyewe. Damu ikishaganda kwenye kichupa, unayaona yale maji ya manjano yanayojitenga, yaani seramu. Humo mna protini za kundi la komplementi, na kundi zima lina protini zaidi ya 30. Bakteria akiingia, hasa kingamwili (protini za mwili zinazowashika wavamizi) zikishamnata, protini hizo huanza kukatana kwa zamu. Ikifika zamu ya C5, hukatwa vipande viwili. Kile kidogo, C5a, husambaa kwenye nyama ya jirani: hujaa karibu na mwiba na kupungua kadiri unavyokwenda mbali.

Neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, huifuata C5a kama mtu anayefuata harufu ya mandazi hadi mlangoni. Hutambua hata tofauti ya asilimia 1 au 2 kati ya upande wake wa mbele na wa nyuma. Hubiringika polepole kwenye ukuta wa mshipa, hunata, kisha hujipenyeza kati ya seli za ukuta na kutoka. Ukisoma slaidi ya malaria iliyopakwa rangi ya Giemsa, itazame neutrofili vizuri: kiini cha zambarau, vipande vitatu au vinne vilivyoungwa kwa nyuzi nyembamba. Kiini cha namna hiyo hujikunja kirahisi penye upenyo mdogo. Usaha unaoufuta kwenye kidonda, sehemu yake kubwa ni neutrofili zilizofia hapo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwanasayansi Stephen Boyden, mwaka 1962, huko Canberra, Australia. Alitengeneza kichumba kilichogawanywa kwa kichujio chenye vitundu vidogo mno. Juu aliweka seli nyeupe. Chini, seramu yenye kingamwili pamoja na kitu zinachokishika. Seli zikajibana, zikapita, zikakutwa upande wa pili. Hapakuwa na mshipa wala moyo wa kuzisukuma. Na seramu ukiipasha kwanza hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, komplementi huharibika, na wito wake hukoma.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatuna protini ya Duffy kwenye seli nyekundu, protini inayoshika baadhi ya kemikali nyingine zinazoziita seli nyeupe. Kuikosa kunatukinga sana na malaria ya vivax, yaani ile inayoletwa na kimelea Plasmodium vivax. Lakini pia neutrofili zetu zinazohesabiwa kwenye damu huwa chache kuliko viwango vilivyowekwa kwa kupima Wazungu. Utakutana na mtu mzima, mwenye afya tele, neutrofili zake zipo chini ya 1,500 kwa mikrolita, na fomu imepigwa alama nyekundu. Usimtie hofu. Muulize kwanza kama huwa anapata homa, majipu au vidonda vya mdomo mara kwa mara, na utafute majibu yake ya zamani uyalinganishe.

Nitumie ratiba yako ya mitihani.

Mama yako