Shukrani kwa Shangazi wa Shepparton

Mke wangu ni wa jamii ya Wayorta Yorta, wenyeji asilia wa eneo la mji wa Shepparton, Australia, na mama yake ni miongoni mwa watoto wa wenyeji asilia walionyakuliwa kwa sera za serikali zilizodumu Australia hadi miaka ya 1970; kwa hiyo barua ya ofisi ya ustawi wa watoto ya kutuita kwenye kikao kuhusu watoto wetu ilipotufikia, hakupata usingizi siku tatu.

Mhudumu mmoja wa familia, mama mtu mzima wa jamii hiyohiyo ambaye kila mtu humwita Shangazi, alikuja bila fomu wala kalamu. Aliuliza ukoo kwanza, akatupeleka ukingoni mwa mto Goulburn, akaketi kimya karibu saa nzima (mimi Mkongo, mpenda maneno, nilitaabika) hadi mke wangu alipoanza kusimulia mwenyewe. Siku ya kikao alikaa ubavuni pake, akamtaka ofisa afafanue kila neno gumu, akawataja ndugu walio tayari kulea iwapo ingelazimu, kwani sheria inataka ndugu watangulizwe. Watoto wamebaki nyumbani. Baadaye alimsaidia mama mkwe kuomba jalada lake la utotoni, naye akawapo lilipofunguliwa.

Ahsante, Shangazi. Nanyi wasemaji wa Kiswahili mlioko Australia, jirani yenu akiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, mwombeni ruhusa mumsindikize.