Nitaiachaje bendi ya Baba bila kumwacha Baba?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Jinja. Nimezoea kusoma ya wenzangu na kutikisa kichwa, leo zamu imenifikia. Naomba uvumilie, barua itakuwa ndefu.

Nina miaka 29, nina mtoto mmoja, kazi yangu ni kuimba. Naimba katika bendi ya nyumbani kwetu: Baba gitaa la solo, kaka mkubwa besi, kaka wa pili dramu, binamu yetu kinanda, mimi sauti. Mama hapandi jukwaani, lakini sare zote za kitenge anashona yeye, na ndiye anayekumbuka nani hajamaliza kutulipa. Tunapiga harusi, kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa), sherehe za kufunga mwaka, na Jumamosi tuna baa yetu ya kudumu. Jina la bendi ni jina la Baba.

Kwetu ni Walukuba, kwenye zile nyumba walizojengewa wafanyakazi wa viwandani. Mama ni Mnubi wa Bombo, Baba ni mtu wa Tororo. Walikutana hapa wakati viwanda bado vinanguruma, wakaelewana kwa Kiswahili, nasi watoto tukazaliwa humo humo. Mazoezi ni sebuleni. Makochi yanatolewa nje, dramu linafunikwa blanketi ili majirani wasije kugonga mlango. Nilianza kuimba nikiwa darasa la nne, nikisimama juu ya kreti ya soda ili maiki inifikie. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilitaka, usinielewe vibaya, ila mpaka leo sijui mtu anaachaje kazi ambayo bosi wake ni baba yake mzazi.

Sasa kuna mtayarishaji wa muziki wa Kampala aliyenisikia kwenye harusi moja pale Njeru. Ananitaka peke yangu. Mkataba ni wa miaka miwili, nyimbo zitoke kwa jina langu, studio na video juu yake, naye achukue sehemu yake kwenye kila onyesho. Hayo naona ni ya kawaida. Kuna kifungu kimoja tu kinachoninyima usingizi: muda wote wa mkataba sitaimba jukwaa lingine lolote bila ruhusa yake ya maandishi. Jukwaa lingine ndilo la Baba. Na anataka nihamie Kampala kabla ya Desemba, mwezi ambao sisi ndio tunavuna.

Nimemwomba akifute kifungu hicho, au aniachie walau Jumamosi. Kasema, "Tutaelewana." Tutaelewana hiyo nimeisikia kwa mabwana harusi wengi ambao mpaka leo wamo kwenye daftari la Mama. Pia ananishauri nipunguze Kiswahili, niimbe Kiganda zaidi, eti Kiswahili hakiuzi mjini. Hilo halinisumbui. Jose Chameleone aliimba Kiswahili akajulikana Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo hapo namwacha aseme.

Utaniuliza kama ni pesa. Pesa zimo, sikufichi. Watu wakinitunza, noti ya 5,000, na siku njema ya 20,000 inabandikwa kwenye paji la uso, inaingia kapuni. Kaka mkubwa ndiye mshika kapu. Anatoa mafuta ya jenereta, gari, nyuzi za gitaa, kinachobaki tunagawana sawa kwa sawa. Inapendeza kusikia, lakini kaka zangu kila mmoja ana nyumba kijijini kwa pesa za kapu hilo hilo, na mimi nilipouliza kuhusu yangu nikaambiwa, "Wewe utaolewa." Huyo mume mwenyewe hajaonekana hata kwa darubini. Wakati huo huo sauti inayoita wateja ni yangu, wanaopiga simu humuulizia "yule dada".

Ingekuwa ni pesa tu ningeshaondoka. Kinachonishika ni mkono wa Baba.

Tangu mwaka jana vidole vyake vya kushoto vinachelewa. Mtu wa kawaida hawezi kugundua. Lakini katikati ya solo huwa anapotea, na akipotea hasemi kitu, ananitazama. Basi mimi narudia kiitikio kana kwamba ndivyo tulivyopanga, nawachombeza watu wapige makofi, namsogelea bibi harusi namwimbia yeye, na Baba anapata nafasi ya kupapasa shingo ya gitaa mpaka apaone pale alipopaachia. Akipaona anatikisa kichwa kidogo, nami nanyamaza, solo inaendelea. Watu wanashangilia. Kaka wa besi anadhani ni madoido yangu, na ameshanigombeza kwamba napenda kurefusha nyimbo ili nionekane. Mimi na Baba hatujawahi kulizungumza jambo hili, hata tukiwa wawili tu. Mama akimgusia hospitali anasema ni baridi ya usiku.

Mwimbaji wa kushika nafasi yangu atapatikana. Binti wa kaka ana miaka 16 na sauti yake inapanda kuliko yangu. Lakini nani atamfundisha yale macho? Nikimfundisha, nitakuwa nimemwambia.

Baba ananusa kitu. Siku hizi mazoezi yakiisha anaanza habari za bendi ya Simba Wanyika: Wilson Peter na George Peter Kinyonga, ndugu wa Tanga, waliopitia Arusha wakaingia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuitikisa kanda yote hii. Kisha 1978 wenzao wakatoka kwa mkupuo wakaunda Les Wanyika. Baba akifika hapo anainua kidole na hadithi imekwisha. Mimi naijua inavyoendelea. Mwaka 1980 George mwenyewe, ndugu wa damu, alitoka akaanzisha bendi ya Jobiso pamoja na ndugu yao William, na bado alikuwa akirudi kurekodi na Wilson. Kuondoka kwake hakukuiua Simba Wanyika. Bendi iliendelea kupiga hadi George alipofariki 1992 na Wilson 1995.

Kaka mkubwa yeye ananiletea ya Nigeria. Femi Kuti alikuwa akipuliza saksafoni katika Egypt 80, bendi ya baba yake Fela, akatoka miaka ya 1980 kuunda bendi yake, mzee akakasirika, miaka ikapita hawaelewani. Kweli kabisa. Kaka hamalizii tu kwamba bendi ya mzee haikufa, kwamba Fela alipofariki 1997 iliongozwa na mwanawe mdogo, Seun, kijana wa miaka 14. Na hapa kwetu Uganda bendi ya Afrigo ipo tangu 1975, wangapi wameingia na kutoka? Mifano ya kunitetea ninayo, naweza kubishana mpaka asubuhi. Halafu nakumbuka kwamba Wilson hakuyahitaji macho ya George ili amalize solo, na ubishi wote unaniishia mdomoni.

Jambo la pili ni nyimbo. Mtayarishaji anataka kuanza na tatu ambazo tayari tunazipiga. Zote nimezitunga mimi, maneno na sauti, moja nikiwa wodini namuuguza mtoto. Rafiki yangu anayefanya kazi kwa wakili kanieleza kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, kazi ni mali ya aliyeitunga. Sawa. Lakini gitaa la kufungulia ni la Baba, na harusini watu huinuka vitini kwa gitaa lile kabla mimi sijafungua mdomo. Redioni zilipopelekwa, palipotakiwa jina la mtunzi liliandikwa jina la bendi, yaani lake. Nikienda kuziandikisha kwa jina langu peke yangu nitamtazamaje? Nikiziacha, mtoto wangu atakula nini nikishazeeka? Jina la bendi sina haja nalo. Hata akina Jackson, wale ndugu wa Marekani, walipoihama kampuni ya rekodi ya Motown mwaka 1975, jina la Jackson 5 lilibaki kwa kampuni wakajiita The Jacksons, na ndugu yao Jermaine akabaki kwa Motown kwa sababu alikuwa amemwoa binti wa mwenye kampuni. Maisha yaliendelea. Mimi nafikiria kuandikisha nyimbo kwa majina mawili, langu na la Baba, mgawo wetu uandikwe kabisa, lakini mtayarishaji amekunja uso, hataki "mambo ya ukoo" kwenye karatasi zake.

Mama nimemweleza kuhusu mkataba. Alikuwa anakunja sare. Akasema, "Nenda, mwanangu, nenda ungali na sauti." Jioni Baba alipokuwepo mezani akanyamaza kabisa, hata chumvi aliomba kwa ishara.

Swali langu, Shangazi, ni hili: nianze na nani? Nikimwendea Baba kwanza, hatanikataza, namjua. Atasema nenda, na Jumamosi inayofuata atapotea kwenye solo mbele ya watu na mimi sipo. Nikiwaendea kaka zangu nikaficha habari ya mkono, wataniona mchoyo aliyekimbilia pesa. Nikiufichua, nitakuwa nimemvua Baba nguo mbele ya wanawe, wakati yeye mwenyewe amenitegemea nimsitiri. Je, ni haki yangu kulisema? Au nimshike mkono nimpeleke kwa daktari kwanza, na mkataba usubiri hata kama utanipita?

Na kile kifungu, wewe uliyeona mikataba ya watu wengi, kuna mtu aliyewahi kufutiwa?

Mtayarishaji anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Kaka naye kapigiwa simu kutoka Iganga kuhusu harusi ya wiki ya Krismasi, watu wenyewe wako tayari kutuma arbuni. Jana kaniuliza kama nipo. Nimemwambia asiipokee kwanza, na sasa anataka kujua kwa nini.

Ni mimi,
Mwimbaji, Walukuba, Jinja